Okapi, shimo na waongoza njia wa pori

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2002 jina la okapi halitoki masikioni mwetu. Asubuhi mtu wa Kisangani hajanywa chai bado, redio imeshalitaja. Lakini ukiwauliza vijana wa Makiso au Mangobo nyama huyo anaishi wapi, ni nani alimkamata wa kwanza, na kwa njia gani, wengi watakuambia habari za wazungu wenye bunduki. Sisi hatukatai kwamba wazungu walikuja, na bunduki walikuwa nazo. Tunachotaka kueleza hapa ni kwamba katika uwindaji wa okapi bunduki haikufanya kazi kubwa. Kazi ilifanywa na waongoza njia, na waongoza njia hao hawakuandikwa.

Tuanze na nyama mwenyewe. Okapi aliyekomaa ana kilo 200 mpaka 300, jike anampita dume kwa ukubwa. Mtu angefikiri kitu kikubwa hivi hakiwezi kujificha. Kumbe katika pori la Ituri, kutoka upande wa Bafwasende kwenda Nia-Nia na Mambasa, unaweza kusimama hatua ishirini kutoka kwake na usimwone. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia iliyoiva, na miguu ina mistari meupe kama mwanga unaopita katikati ya majani. Masikio ni makubwa, yanageuka kila upande. Anatembea peke yake. Mtoto wake akizaliwa anafichwa kwenye majani, anakaa hapo wiki nyingi, na kwa mwezi wa kwanza na zaidi hatoi choo, ili chui asipate harufu. Mwindaji wa namna gani atamfuata nyama kama huyo akiwa na viatu vya ngozi na wabeba mizigo nyuma yake?

Lakini okapi ana udhaifu mmoja, na watu wa pori waliujua tangu zamani: anapenda njia zake. Anapita palepale, leo na kesho, na katikati ya kwato zake kuna mafuta meusi yanayobaki chini kama alama. Wambuti kwa kawaida wanawinda mboloko kwa nyavu, na wenzao Waefe wanatumia zaidi upinde. Kwa okapi dawa ilikuwa shimo. Unachimba katikati ya njia yake, unafunika kwa vijiti, unatandaza majani, unafuta alama za mikono yako, unaenda zako. Shimo hilo si jambo la juzi. Stanley, alipopita pori hili kati ya 1887 na 1889 akimtafuta Emin Pasha, aliandika katika kitabu chake cha 1890 kwamba Wambuti wanamjua nyama kama punda na wakati mwingine wanamnasa ndani ya mashimo. Aliandika maneno machache tu, mwisho wa kitabu, akaendelea na mambo yake.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyomleta Harry Johnston. Yeye alikuwa mkubwa wa serikali ya Waingereza kule Uganda. Mwaka 1900 aliwachukua Wambuti fulani kutoka mikononi mwa Mzungu mmoja aliyetaka kuwapeleka Paris kuwaonyesha watu katika maonyesho makubwa ya mwaka ule. Akawarudisha kwao Ituri, na njiani akawauliza habari za punda wa pori. Wakamweleza vizuri: mistari iko wapi, rangi ni ipi. Katika kituo cha Mbeni alikuta askari wamejifunga mikanda iliyokatwa katika ngozi yake.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, maana jambo lililofuata linatufundisha mengi kuliko vitabu vizima. Waongoza njia walimwingiza Johnston porini, wakamwonyesha nyayo chini. Nyayo zilikuwa za kwato mbili, kama za ng'ombe au mbuzi. Johnston hakuamini. Kichwani mwake alikuwa ameshaamua kwamba nyama huyu ni ndugu ya punda na punda milia, na punda ana kwato moja. Akaona watu wanampoteza, wanamwonyesha nyayo za nyama mwingine. Hakuzifuata, akarudi bila kumwona okapi. Akapeleka vipande viwili vya ngozi London, na mwanzoni mwa 1901 wataalamu wa kule wakaandika kwamba amepatikana farasi mpya, wakampa jina la Johnston. Baadaye tu, Eriksson, afisa Mswidi aliyetumikia leta ya Leopold, alipompelekea ngozi nzima na mafuvu mawili, walitambua kwamba nyama huyu ni wa jamaa ya twiga. Kwato mbili, kama walivyosema watu wa pori. Wataalamu wakabadilisha jina la kwanza, wakaweka Okapia, neno lililotoka katika kinywa cha Wambuti na Walese wenyewe. La pili wakaliacha: johnstoni. Yaani mtu aliyekataa kuziamini nyayo ndiye aliyebaki katika jina, na yule aliyezionyesha hajulikani.

Baada ya hapo majumba ya makumbusho ya Ulaya na Amerika yote yakataka okapi wao, na mji wetu ukawa mlango. Mwaka 1909 walishuka hapa Stanleyville vijana wawili waliotumwa na makumbusho makubwa ya New York, Herbert Lang na James Chapin. Walikaa Kongo mpaka karibu na 1915, wakizunguka Avakubi, Medje, Niangara mpaka Faradje, na kazi yao ilitoa mizigo ya tani 54 na picha za maelfu. Mizigo hiyo ilibebwa kichwani, tusisahau. Ni miaka michache tu tangu watu wa huku walipopigwa fimbo kwa ajili ya kauchu, na sasa vichwa vilevile vilibeba ngozi na mifupa. Lang alikuwa na akili ya kuwasikiliza wawindaji wa Kimedje, na kwa hiyo alipata okapi kuliko wengine waliokuja na haraka.

Chapin naye alipata somo lake. Mwaka 1913, huko Avakubi, aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu, akashindwa kuujua ni wa ndege gani. Akauweka. Ilipofika 1936, katika makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, alikuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa tausi wa India, na unyoya ulikuwa wao. Akarudi kwetu mwaka 1937 akauliza watu wa pori, nao wakamwambia ndege huyo wanamjua sana. Miaka 24 kwa swali ambalo mwenye kofia angelijibu palepale Avakubi! Bon, tuendelee na okapi.

Polepole desturi ilibadilika. Waliotaka ngozi walipungua, waliotaka nyama mzima wakaongezeka, hasa kwa sababu tangu 1933 sheria ilikataza kumuua okapi. Kule Buta, Ndugu Joseph Hutsebaut wa misioni ya Wakatoliki alijifunza kuwatunza. Kutoka mikononi mwake jike aliyeitwa Tele alifika Antwerp mwaka 1928 na kuishi huko mpaka katikati ya Vita vya pili. Mwingine, dume waliyemwita Congo, alifika New York mwaka 1937, wa kwanza kuonekana Amerika ya Kaskazini, akaishi miaka 15. Wazee wa Buta wanaweza kukuambia habari za Ndugu Joseph mpaka jioni. Lakini uliza ni nani aliyechimba shimo ambamo Congo alianguka. Kimya.

Halafu ikaja Epulu, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa kwa barabara ya Ituri. Mwamerika Patrick Putnam alikuwa ameshajenga kambi yake pale kando ya mto, yenye zahanati na nyumba za wageni, na Wambuti waliwaongoza wageni hao porini. Ndipo mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji ikaweka pale kituo cha kukamata okapi, chini ya Jean de Medina. Watu wengi husoma habari za Epulu katika kitabu cha Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti katika miaka ile ile, lakini huko utakuta zaidi nyimbo na nyavu. Sisi tunapenda kusema habari za shimo.

Shimo la kituo lilikuwa ndugu wa shimo la zamani. Tofauti ilikuwa katika mwisho wa safari. Zamani okapi akianguka, alikuwa chakula. Sasa alitakiwa atoke mzima, bila kuvunjika mguu, bila kufa kwa hofu. Kwa hiyo kazi ikawa kubwa zaidi. Mwongoza njia alipaswa kusoma njia: ni ya jike au dume, inapitwa kila siku au ni ya zamani. Akikosea, watu wanachimba mita mbili za udongo na mizizi bure. Mashimo yalitembelewa kila siku, maana okapi akikaa humo muda mrefu, mvua ikijaa, amekwisha. Akipatikana, kizimba cha miti kilijengwa kulizunguka shimo, udongo ukarudishwa polepole ili apande mwenyewe, na njia ikakatwa porini mpaka mahali kamio inapoweza kufika. Wakati wote huo aletewe majani, na si majani yoyote: okapi anachagua. Nani aliyajua majani yake? Jibu msomaji unalo.

Na pori lilikuwa na majira yake ambayo kapita hakuyapanga. Mvua zikizidi, mwezi wa tisa na wa kumi, mashimo yanakuwa visima. Na ukifika wakati wa asali, kuanzia kama mwezi wa tano au wa sita, Mmbuti anasikiliza nyuki. Umwahidi franga, umwahidi chumvi na tumbaku, atakujibu vizuri kabisa, na kesho asubuhi kambi ni tupu. Wakubwa waliita jambo hilo uvivu. Sisi tunaona ni kinyume: mtu aliyejua miezi ya pori kiasi hicho ndiye aliyefaa kuliongoza. Mzee mmoja wa Kabondo, ambaye baba yake aliendesha kamio kwenye barabara ile, alitucheka tulipomuuliza kuhusu mshahara wa waongoza njia. «Wanangu,» alisema, «yule alikuwa mkubwa wa kazi, njo hapa franga ilikuwa inapitia kwa kapita.»

Uasi wa 1964 ulilivunja lile lote, pale Epulu kama hapa mjini. Kituo kilifufuka kwa nguvu mwaka 1987, Hifadhi ya Okapi ikaundwa mwaka 1992, ikaingia katika urithi wa dunia mwaka 1996. Watafiti wa miaka ya 1980 waliotaka kuwavisha okapi mikanda ya redio shingoni walirudi kwenye njia ileile: Mmbuti mbele, shimo kwenye njia. Halafu tarehe 24 mwezi wa sita 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu. Waliua watu, walinzi wakiwamo, na okapi wote 14 waliofugwa pale walikufa. Kundi lile lilikuwa la wachimba dhahabu na wawinda tembo waliokasirishwa na walinzi. Watu wa pori, waliojua kumkamata okapi bila kumjeruhi, siku ile walikimbia kama wengine wote.

Sasa hivi hakuna anayechimba shimo la okapi kwa ruhusa. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 na ile ya hifadhi ya 2014 zimemkinga kabisa, na sisi tunakubaliana nazo. Lakini ujuzi wa kusoma njia yake uko kwa wazee, na wazee wanapungua. Katika picha za zamani utamwona Mzungu katikati, jina lake chini, na pembeni mtu mfupi ameshika kamba, ameandikwa tu «mwenyeji». Tumeanza kupita Kabondo, Tshopo na Lubunga tukiwauliza wale ambao baba au babu yao alifanya kazi Epulu au Buta, na daftari lina majina machache tayari. Nani ana picha nyumbani, hata iliyochanika, atuletee tuiangalie pamoja, na kama kuna mama mzee katika familia, aje naye. Mara nyingi ni yeye anayekumbuka jina la yule mwenye kamba.