Rangi ya Uso katika Kichina: Historia ya Istilahi

Neno la Kichina "yanse" leo lina maana ya rangi ya kitu chochote, kiwe nguo, ukuta au ua. Hata hivyo, asili yake ni usoni mwa mtu. "Yan" ilikuwa paji la uso, kisha uso wenyewe. Na "se" ilikuwa hali ionekanayo usoni. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi ya Shuowen Jiezi yapata mwaka 100 B.K., alieleza kuwa "se" ni pumzi ya uhai idhihirikayo usoni.

Maana hiyo ndiyo iliyoshikwa na waganga. Katika Huangdi Neijing, kitabu cha tiba kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kila rangi ya uso ina kiungo chake: "qing", yaani kijani au buluu, ni ya ini, nyekundu ya moyo, manjano ya wengu, nyeupe ya mapafu, nyeusi ya figo. Kwa hiyo msemo "mianhuang jishou", uso wa manjano na mwili uliokonda, hautaji kabila la mtu, bali njaa iliyomdhoofisha.

Mambo yalibadilika baada ya wataalamu wa Ulaya wa karne ya 18 kuwagawa wanadamu kwa rangi. Wasafiri wa karne ya 16 walikuwa wamewaita Wachina weupe. Sasa waliitwa watu wa manjano. Mwishoni mwa karne ya 19, waandishi wa Kichina kama Liang Qichao walilipokea jina hilo, "huangzhong", na kulipa fahari, kwa kuwa manjano kwao ni rangi ya ardhi na ya Mfalme wa Manjano, anayehesabiwa kuwa babu yao. Tangu hapo neno moja likabeba mizigo miwili.

Madaktari wa Kichina wamefanya kazi Zanzibar tangu 1964, na maneno yao huhitaji mkalimani. Akitafsiri rangi peke yake, ugonjwa hugeuka kuwa asili ya mtu. Kiswahili hakikosi maneno: uso husawijika kwa huzuni, hupauka kwa maradhi, huiva kwa hasira. Kwa "qise" yafaa tuseme "siha ya uso". Na "kutazama lianse" ni kuusoma uso wa mtu kabla ya kumkabili. Mfasiri na aulize kwanza: neno hili lataja rangi, au lataja hali?