Mgeni wa Tunduni, Adui wa Shambani

Malindi ina kasuku wake. Ni wa kijani, kichwa cha kahawia, mdogo kuliko njiwa, na chini ya bawa ana manjano ambayo huyaoni mpaka aruke. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1854, kwa ndege waliopatikana Msumbiji, na hapa Kenya makao yake ni ukanda huu wetu wa pwani. Hulala minazini, hutaga ndani ya matundu ya mibuyu. Lakini mwulize mzee yeyote wa Shela (Shela ya Malindi, si ya Lamu) habari za kasuku aliyefugwa kwao, naye atakusimulia ndege mwingine kabisa: wa kijivu, mkia mwekundu, ambaye mwitu wake hauko hata karibu na bahari ya Hindi. Nyanya yangu alikuwa na mmoja. Kumlisha ilikuwa kazi yangu, na tangu udogo nilikuwa nikijiuliza kwa nini wa kwetu alipigwa mawe na wa mbali akakatiwa papai.

Jibu liko shambani. Mji wa Malindi ulikuwa umebaki magofu na vichaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Unguja, watu walipoanza kurudi na kufyeka mashamba. Kwa miaka kama thelathini hivi nchi hii ikawa ghala la nafaka: mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni. Waliolima walikuwa watumwa. Na shamba la mtama halilindwi na ukuta. Linalindwa na mtu aliyekaa juu ya dungu kuanzia alfajiri, kombeo mkononi, akiamia ndege mpaka jua lizame. Kasuku wa kijani hupenda mtama ungali na maziwa. Hung'ang'ania suke kwa mguu mmoja, akavunja punje na kuangusha nyingi kuliko anazomeza. Mwenye shamba alimchukia kwa hasara, na mtumwa kwa kazi aliyomwongezea. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907 mashamba mengi makubwa yalikufa, lakini kombeo halikufa. Liliendelea katika mahindi na mikorosho ya Wagiriama na ya kila aliyepanda kitu kati ya Mida na Mambrui. Nani amfuge mwizi? Isitoshe huyu si msemaji. Anapiga kelele tu.

Wa kijivu aliingia kwa mlango mwingine. Misafara ya pembe iliyotoka Manyema, katika misitu ya Kongo, ikavuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Tabora na kuteremka Bagamoyo, ilileta pia vitu vyepesi vyenye thamani, na kasuku ni mmojawapo. Msafiri Livingstone, aliyekuwa Manyema kati ya 1869 na 1871, aliandika habari za manyoya yale mekundu ya mkia, ambayo watu wa huko waliyavaa kama alama ya heshima. Ndege aliyefika pwani akiwa hai alikuwa ameshapita miezi juu ya mzigo wa mpagazi, akila mahindi. Akifika Unguja, aliuzwa. Kutoka Unguja, kusi ikivuma, majahazi yalipanda kaskazini, na ndani yake mlikuwa na tundu moja au mawili ya nahodha aliyejua nani Takaungu au Malindi angelipa. Aliyelipa hakuwa maskini. Kasuku wa kijivu barazani alisema kuhusu mwenye nyumba yale yale yaliyosemwa na mlango wa nakshi.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo historia hii ilipowaua kasuku wengi.

Kwao, katika misitu ya Kongo, kasuku huyu hula chikichi. Ganda la chikichi lina yale mafuta mekundu ya mawese, yenye wingi wa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Pwani yetu ina minazi, na nazi haina wekundu huo. Kwa hiyo ndege aliyezoea mawese aliketishwa barazani akapewa mahindi makavu na karanga, mwaka hadi mwaka. Ndege wa namna hiyo huvimba macho, pua zikaziba, akaanza kupumua kwa shida. Watu walisema amepigwa na upepo wa bahari. Upepo haukuwa na kosa lolote. Waliodumu ni wale waliokuwa katika nyumba zenye mpapai uani, na mpilipili. Ndege hasikii ukali wa pilipili kama sisi. Nyanya alimpa wake pilipili mbivu nzima, naye akaila kwa raha huku mbegu zikimganda mdomoni. Papai, embe, boga na mchicha vilifanya kazi ya mawese, ingawa hakuna aliyejua hivyo. Nyanya alisema tu kwamba ndege akila rangi, hapotezi rangi.

Kulikuwa na jambo la ukuta pia. Kasuku wetu alichimba ukuta wa nyuma ya tundu lake hadi mawe yakaonekana, na kila Idi fundi aliletwa kupaka upya. Nyumba zile ni za matumbawe na chokaa, na kasuku wa kijivu ni mwepesi sana kupungukiwa na chokaa mwilini. Akizidiwa hutetemeka na kuanguka kutoka kwenye kijiti chake. Aliutafuna ukuta kwa sababu aliuhitaji. Baadaye mvuvi mmoja jirani alituzoeza kuokota ufuoni ule mfupa mweupe wa dome, tukauchomeka kati ya nyaya. Ukuta ukapona.

Asubuhi ilikwenda hivi. Baada ya sala nyanya aliivua kanga kuukuu iliyofunika tundu, akamsalimu, naye akajibu kabla ya watu. Mimi nilimwaga maji ya jana na kutia mapya ndani ya kifuu cha nazi. Kifuu kilikuwa chombo na kitu cha kutafuna kwa wakati mmoja; kikiisha kuliwa, kingine kiko jikoni. Tundu lilikuwa la fundi bati, limetengenezwa kwa madebe ya mafuta ya taa na kuungwa kwa lehemu. Hilo leo lingenitia hofu, kwani lehemu ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ni sumu kwa ndege anayetafuna kila kitu. Kisha nyanya aliniambia, "Mwanangu, usinywe chai mbele yake kabla hajala." Kumnyima hakukuwa ukorofi mdogo kwake. Chuoni tulisomeshwa habari za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na za Abu Umayr, mtoto ambaye Mtume (S.A.W.) alimwuliza habari za kindege chake. Mashekhe wa mjini walilichukua hilo kuwa ruhusa yenye sharti: fuga, ila ulishe.

Alhamisi jioni tundu lilihamishiwa uani, maana ndani udi na ubani vilikuwa vinafukizwa. Mapafu ya ndege hayastahimili moshi. Wakati wa masika karanga zilikaguliwa moja moja na zenye ukungu zikatupwa. Sumukuvu haikuwa na jina wakati huo, lakini ilikuwapo; mwaka 2004 ilipoua watu 125 huko Ukambani kupitia mahindi, nilikumbuka kwamba wazee walishaiona kwa ndege. Jambo moja tu hatukulijua, kwa kuwa halikuwapo: parachichi. Lilipoanza kufika sokoni kwa malori ya bara, nyumba kadhaa ziliwapa kasuku wao kama tunda jingine lolote. Parachichi humwua kasuku.

Nasema haya bila kuwasifu sana wazee. Tunawakumbuka kasuku walioishi hadi wakamzika mwenye nyumba, kwa sababu hao ndio waliosema "hodi" tukawakaribisha wageni wasiokuwapo. Waliokufa njiani Tabora, au ndani ya jahazi, au wiki ya tatu barazani, hawakupewa hadithi. Palikuwa na kusi nyingine mwakani, na ndege mwingine. Mila hii haikudumu kwa ustadi wa walishaji peke yake. Ilidumu kwa sababu msitu ulionekana kama hauishi.

Msitu umeisha. Tangu 1975 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja wametolewa mwituni na kuuzwa nje ya nchi zao, na Ghana imepoteza takriban wote iliokuwa nao. Kwa Kenya, msitu wake wa mwisho ni Kakamega, na huko waliobaki ni wa kuhesabika. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwaweka katika orodha ya juu kabisa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 nayo hairuhusu mtu kumweka ndege wa mwituni nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Nadhani imechelewa, lakini ni ya haki.

Kwa hiyo aliye na kasuku wa kijivu kati ya Kilifi na Malindi, akamwombee kibali, ampe papai na mchicha kila siku, apunguze karanga, na asinunue wa pili. Na anayetaka tu kumwona kasuku, aende Mida au Gede kabla jua halijapanda, atazame vilele vya minazi. Wale wa kijani bado wapo. Watoto wanaowarushia mawe tuwanyang'anye makombeo.