Wauguzi Wapanda Farasi wa Milima ya Kentucky

Kumwuguza mgonjwa nyumbani kwake ni kazi ya kale kuliko hospitali. Mjini kazi hiyo haikosi watu, maana mwuguzi amalizapo zamu yake hurudi kwa wenziwe. Lakini katika nchi ya milima au visiwa, ambako nyumba na nyumba zaachana kwa mwendo wa saa nzima, kuna mashaka mawili: la kwanza ni kumpata mwuguzi wa kwenda, la pili, nalo ni zito zaidi, ni kumfanya akae. Historia ya wauguzi wa Kentucky, katika Marekani, yaonyesha jinsi mashaka hayo yalivyokabiliwa, na mahali ambapo dawa yenyewe ilikuwa na kasoro.

Asili ya habari hii iko Scotland. Mwaka 1912 tume iliyoongozwa na Sir John Dewar ilichunguza hali ya uganga katika nyanda za juu na visiwa vya nchi hiyo. Ilikuta madaktari wachache, mapato yao haba, na wagonjwa wasioweza kulipa gharama ya safari ya kuwafikia. Tume haikuwashutumu madaktari kwa kukosa huruma. Iliona kwamba umbali ni gharama, na gharama hiyo haifai kubebwa na mgonjwa maskini wala na mganga wake. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1913 ilitenga paundi 42,000 kila mwaka: daktari akahakikishiwa pato la kumtosha, akasaidiwa gharama za safari, na fedha nyingine zikaenda kwa wauguzi wa vijijini.

Mwaka 1924 alifika huko mama mmoja wa Marekani, Mary Breckinridge, aliyezaliwa mwaka 1881 katika ukoo mashuhuri. Alikuwa mwuguzi aliyehitimu, na alikwisha kuwazika watoto wake wote wawili. Mwaka 1923 alikuwa amepita milima ya Kentucky juu ya farasi akiwahoji wakunga wa jadi. Ukunga alijifunza Uingereza, kwa kuwa nchini kwake mafunzo ya kuunganisha uuguzi na ukunga yalikuwa hayajasimama. Aliyoyaona Scotland aliyachukua kama mbegu, na mwaka 1925 akaipanda katika wilaya ya Leslie, ambako barabara za magari hazikuwapo na njia za watu zilifuata mikondo ya vijito. Tangu mwaka 1928 chama chake kiliitwa Frontier Nursing Service. Mwaka huo huo hospitali ndogo ilifunguliwa mjini Hyden, na aliyealikwa kuizindua alikuwa Sir Leslie Mackenzie, mmoja wa wajumbe wa tume ile ya Scotland.

Utaratibu wake wastahili kutazamwa kwa makini, maana hapo ndipo siri ilipo. Vituo sita vilijengwa milimani, kila kimoja kikihudumia nyumba zilizoweza kufikiwa kwa farasi. Aghalabu wauguzi wawili walikaa pamoja, ili mmoja akiitwa usiku, mwingine abaki na wagonjwa wa kituo, na ili asiwepo mtu wa kuliwa na upweke. Walipewa nyumba njema, farasi, na shogi za ngozi zenye vifaa vya uzazi. Tangu mwaka 1928 walikuwapo pia wasichana wa kujitolea, waliokuwa kama matarishi, wakitunza farasi na kupeleka barua na mizigo. Mama mzazi alitozwa dola 5 kwa huduma yote ya uzazi, na asiye na fedha alilipa kwa kazi au kwa mazao. Hivyo hakuonekana kuwa mwombaji. Mwaka 1932 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilichunguza hesabu ya uzazi 1,000 wa mwanzo, ikakuta kwamba hapana mama aliyekufa kwa sababu ya uzazi wenyewe.

Lakini wauguzi hao walitoka wapi? Wengi walikuwa Waingereza, au Wamarekani waliopelekwa Uingereza kusoma. Chemchemi iliyo ng'ambo ya bahari hukatika siku bahari inapofungwa. Vita vilipozuka mwaka 1939, Waingereza wengi walirudi kwao kuitumikia nchi yao, na vituo vikapungukiwa na watu kwa ghafula. Chama hakikuwa na hila nyingine ila kufungua shule yake ya ukunga mwaka huo huo. Hivyo haja ilifundisha jambo ambalo hekima ingalifundisha mapema.

Tena kuna kasoro isiyofichika. Breckinridge alishika ubaguzi wa rangi wa tabaka lake, wala hakuwaajiri wauguzi weusi. Kusini mwa Marekani kulikuwa na wauguzi weusi waliohitimu, na wakunga weusi waliozalisha maelfu ya watoto. Mlango wao ulifungwa, huku watu wakitafutwa ng'ambo ya Atlantiki. Wakunga wa jadi wa milimani nao, aliowahoji mwaka 1923, hakuwafanya wenzi katika kazi. Mahali pao palichukuliwa na wageni. Basi uchache wa wafanya kazi, tunaozoea kuuita msiba wa jiografia, kwa sehemu ulikuwa uamuzi wa wanadamu.

Breckinridge alifariki mwaka 1965, lakini shule iliendelea. Mwaka 1989 ilianza utaratibu mpya: mwanafunzi hukaa kwao, husoma masomo kwa mbali, na hufanya mazoezi miongoni mwa watu wake. Wahenga walisema kwamba mgeni hulishwa siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Scotland na Kentucky zilijua kumpokea mgeni, zikampa nyumba, mwenzi na heshima pamoja na jembe lake, naye akakaa. Lakini ilichukua zaidi ya miaka sitini kutambua kwamba mwenyeji, akipewa elimu ile ile na heshima ile ile, hana haja ya kubembelezwa akae, kwa kuwa yuko kwao.