Mbegu bora ya samaki: jinsi inavyopatikana na jinsi inavyopotea bwawani

Wasikilizaji wetu wanaofuga samaki hutuuliza swali moja mara kwa mara. Mwaka wa kwanza bwawa lilitoa sato wa kuridhisha. Mwaka wa pili wakapungua ukubwa. Mwaka wa tatu bwawa limejaa visamaki vya ukubwa wa kiganja, na mnunuzi akiviona anageuza baiskeli yake. Chakula ni kile kile, maji ni yale yale. Tatizo liko wapi?

Sababu zinaweza kuwa kadhaa, lakini ipo moja isiyozungumzwa sana, nayo ni mbegu. Mfugaji wa ng'ombe huchagua dume la kupandishia. Mkulima wa mahindi anajua kwamba punje za gunia lolote si mbegu. Ikifika kwa samaki, wengi wetu huona kwamba samaki ni samaki tu. Katika makala hii tunaeleza mbegu bora ya samaki hutengenezwaje, na kwa nini huharibika haraka mikononi mwa mfugaji.

Samaki anarithi nini?

Kila kifaranga hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Vinasaba ndivyo vinavyobeba urithi wa kiumbe: umbo, rangi, kasi ya kukua, uwezo wa kuvumilia ugonjwa. Lakini ukubwa wa samaki haitokani na urithi peke yake. Malezi nayo yana sehemu yake: chakula, hewa ndani ya maji, joto, na msongamano bwawani. Mbegu nzuri isiyolishwa haikui, na mbegu dhaifu hata ukiilisha sana ina mahali inapogotea.

Wataalamu huanzia hapo. Wanachukua familia nyingi za samaki, wanawalea vifaranga katika hali moja, wanawapima, kisha wanawaacha wazae wale tu waliofanya vizuri kutoka familia zilizofanya vizuri. Kizazi kinachofuata hupimwa tena na kuchaguliwa tena. Wakati wote wanaandika nani ni mtoto wa nani, ili ndugu wasizalishwe pamoja.

Norwe ilianza kazi hii kwa samaki aina ya samoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kukusanya mbegu kutoka mito ipatayo 40 ya nchi hiyo. Vizazi vilivyofuata vilianza kufikia uzito wa soko mapema zaidi kuliko samaki wa mtoni.

Sato wa Afrika aliyeboreshwa Asia

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa sato. Mwaka 1988, kituo cha utafiti ambacho leo kinaitwa WorldFish kilianza mradi nchini Ufilipino, kikishirikiana na wataalamu wa nchi hiyo na wa Norwe. Walikusanya sato wa asili kutoka nchi nne za Afrika: Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Wale wa Kenya walitoka Ziwa Turkana. Wakaongeza sato wa kufugwa kutoka Israeli, Singapore, Taiwan na Thailand.

Samaki hao walichanganywa, wakapimwa, wakachaguliwa kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi kilikua kwa kasi zaidi ya kilichotangulia kwa takribani asilimia 12 hadi 17. Baada ya vizazi vitano, ongezeko lote lilifikia takribani asilimia 85 ukilinganisha na samaki wa mwanzo. Mbegu hiyo inajulikana kwa jina la GIFT na imesambaa katika nchi nyingi za Asia.

Afrika nayo imefanya kazi yake. Ghana ina mbegu ya Akosombo, iliyotokana na sato wa mto Volta. Misri ina mbegu ya Abbassa. Zote mbili zimepatikana kwa njia ile ile ya kuchagua wazazi.

Mambo mawili yanayochanganywa

La kwanza: mbegu kama GIFT si samaki waliopandikizwa vinasaba vya kiumbe mwingine maabara. Samaki wa namna hiyo wapo. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha samoni aliyewekewa kinasaba cha ukuaji kutoka samoni wa aina nyingine. Kwa GIFT hakuna kilichopandikizwa. Ni kuchagua wazazi tu, kama wazee wetu walivyochagua jogoo na mbuzi.

La pili: vifaranga vya madume watupu si lazima viwe mbegu bora. Sato dume hukua haraka kuliko jike, na madume peke yao hawajazi bwawa kwa watoto. Kwa hiyo wazalishaji wengi hulisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo ili karibu wote wawe madume. Hiyo inabadili jinsia, haiboreshi urithi. Kifaranga aliyetoka kwa wazazi dhaifu hubaki na udhaifu wake hata akiwa dume. Ukienda kununua, uliza maswali yote mawili: ni madume? Na wazazi wao walitoka wapi?

Mbegu inavyopotea

Sasa turudi kwenye bwawa la mwaka wa tatu. Sato jike hutunza mayai mdomoni, na bwawani anaweza kuanza kuzaa akiwa bado mdogo, na ana miezi michache tu. Baada ya miezi sita mfugaji anavuta kokoro. Wakubwa wanauzwa, wanaliwa, wanapelekwa kwa mgeni. Wadogo wanarudishwa majini "wakue kwanza".

Wadogo hao ndio wanaobaki kuzaa. Mavuno yanayofuata mambo ni hayo hayo. Bila kujua, mfugaji anafanya kazi ya wale wataalamu kinyumenyume: kila kizazi anaondoa waliokua vizuri na kuwaachia urithi waliodumaa. Ni kweli baadhi ya hao wadogo wamedumaa kwa njaa na msongamano tu, urithi wao hauna kasoro. Lakini kwa kuwatazama huwezi kujua nani ni nani.

Kuna hasara ya pili, nayo ni ndugu kuzaana. Bwawa lililoanzishwa kwa wazazi wachache, baada ya muda mfupi wote ni ndugu. Watoto wa ndugu wa damu hukutanisha kasoro zilizojificha kwa baba na kwa mama. Matokeo yake ni ukuaji hafifu, vifo vingi vya vifaranga, na wakati mwingine samaki wenye maumbo yasiyo ya kawaida.

Historia ina mfano wake. Mwaka 1939, katika kisiwa cha Java huko Indonesia, walipatikana perege watano wa aina inayotoka kusini-mashariki mwa Afrika. Uzao wa samaki hao wachache ulisambazwa sehemu nyingi za Asia. Waliongezeka haraka, lakini walipata sifa mbaya ya kujaza mabwawa kwa samaki wadogo. Miaka mingi baadaye, sato waliokusanywa upya kutoka Afrika ndio waliotoa nafasi ya kuboresha mbegu.

Mfugaji afanye nini?

Kwa wengi wetu, njia nafuu ni kununua vifaranga upya kila msimu kutoka kituo kinachotunza wazazi vizuri, na kulikausha bwawa baada ya mavuno ili wale wadogo wasibaki kuzaa. Bei ya kifaranga isiwe jambo pekee la kuangalia. Uliza wazazi ni wangapi, walitoka wapi, na hubadilishwa baada ya muda gani. Muuzaji makini ana majibu.

Kama unazalisha mwenyewe au kwa kikundi, zingatia haya:

Chagua wazazi kabla ya kuuza. Siku ya mavuno, toa kwanza wale utakaowabakiza, ndipo umwite mnunuzi.

Linganisha wanaolingana. Samaki mkubwa katika bwawa lenye umri mchanganyiko huenda ni mzee tu. Linganisha waliozaliwa pamoja na kulelewa bwawa moja.

Tenganisha madume na majike unapochagua. Ukichukua wakubwa bila kuangalia jinsia, utajikuta na madume karibu watupu. Chagua madume bora kati ya madume, na majike bora kati ya majike.

Tumia wazazi wengi, wa pande zote mbili. Wataalamu hupendekeza wasipungue 50, na idadi ya madume na majike isipishane sana. Madume 5 na majike 45 ni samaki 50 kwa hesabu ya kawaida. Kwa hesabu ya urithi ni sawa na samaki 18 tu, kwa sababu watoto wote wana baba watano.

Ongeza damu mpya kwa uangalifu. Usilete samaki usiojua asili yao, kwa kuwa wanaweza kuleta ugonjwa.

Chunga mbegu isitorokee mtoni

Ziwa Victoria lilikuwa na samaki wake, ngege na mbiru. Sato aliletwa humo miaka ya 1950, na sangara pia alipandikizwa. Leo ngege amekaribia kutoweka katika ziwa kuu na amebaki zaidi katika maziwa madogo ya jirani. Sababu ni zaidi ya moja, uvuvi ukiwemo, lakini kugombania chakula na mazalia na sato ni mojawapo. Katika maji mengine ya Tanzania, watafiti wamekuta sato wa kuletwa wakizaa machotara na perege wa asili.

Ni kwa hofu hiyo WorldFish kwa miaka mingi haikuruhusu mbegu ya GIFT irudishwe Afrika kufugwa. Perege na sato wa asili wa mito yetu ndio ghala la mbegu. Siku ukizuka ugonjwa mpya au maji yakizidi joto, wataalamu watahitaji urithi mpya, na watautafuta kwa hao. Machotara wakishajaa mtoni, urithi huo haurudi.

Kwa hiyo weka wavu imara kwenye bomba la kutolea maji. Usichimbe bwawa mahali panapofikiwa na mafuriko. Usimwage vifaranga waliobaki mtoni au ziwani ukidhani unawasaidia wavuvi. Na kabla ya kuleta aina ya samaki isiyopo katika eneo lako, muone kwanza ofisa uvuvi wa wilaya.