Safu ya Lugha: Gesi si nishati jadidifu

Bajaji na magari yanayotumia gesi yanaongezeka nchini, nami nafurahi, maana sehemu ya gesi hiyo inatoka Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu ya Kilwa. Lakini siku hizi, hata hapa Mitole, nasikia ikiitwa "nishati jadidifu". Sivyo. Kujadidi ni kufanya upya, kutokana na neno la Kiarabu jadid, yaani -pya. Nishati jadidifu hujirudisha yenyewe: jua, upepo, maji ya mto. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ikishachomwa, kisima hakijazwi tena. Tuiite nishati safi zaidi, kwa kuwa haifuki moshi kama dizeli. Safi ni habari ya moshi, jadidifu ni habari ya chanzo.

Na gari la umeme je? Uliza umeme wake umetoka wapi. Ukitoka kwenye maji ya Rufiji, katika Bwawa la Julius Nyerere, ni jadidifu. Ukitoka kwenye mitambo ya gesi ya Kinyerezi, bado.