Tetemeko Moja, Mashahidi Wengi

John Milne, mwanajiolojia Mwingereza aliyefundisha Japani tangu 1876, alirudi kwao mwaka 1895 na kuweka makazi Shide, katika kisiwa cha Wight. Vituo vilivyotapakaa duniani vilimpelekea kwa posta kumbukumbu za mitetemo, naye akalinganisha saa ambazo vyombo vilianza kutikisika. Kuanzia 1899 alichapisha orodha zake ili kila kituo kione vingine viliandika nini.

Posta ilipoachia nafasi intaneti, data zilienda kasi, ila vyombo vilibaki ghali na vichache. Mwaka 2008, Elizabeth Cochran wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na Jesse Lawrence wa Stanford walianzisha mtandao wa Quake-Catcher. Waliona kwamba kompyuta mpakato nyingi tayari zilikuwa na sensa ya mwendo, iliyowekwa kuikinga diski isiharibike kompyuta ikianguka. Kwa kompyuta za mezani walitoa sensa ndogo ya kuchomeka kwa waya wa USB, inayogandishwa sakafuni na kuelekezwa kaskazini. Wenye kompyuta walijitolea kupitia BOINC, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Kompyuta haikutuma kila kitu. Ililinganisha mtikisiko wa sasa na hali ya muda mfupi uliopita. Ukizidi mno, ilituma saa, mahali na nguvu yake. Mtu akigonga meza, taarifa ilitoka kwenye kompyuta moja tu na seva iliipuuza. Zikitoka kwenye nyingi za jirani kwa wakati mmoja, hapo kulikuwa na jambo.

Tarehe 4 Septemba 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilipiga Darfield, New Zealand. Wiki chache baadaye, karibu sensa 200 zilikuwa zimefungwa Christchurch na kandokando yake, majumbani na maofisini. Matetemeko madogo yaliyofuata yakawa mtihani: vipimo vya sensa hizo vililinganishwa na vya vituo vya kitaifa, vikakaribiana vizuri.

Mwaka 2016 Berkeley ilitoa MyShake, iliyohamishia kazi hiyo kwenye simu. Tangu Oktoba 2019 programu hiyo huwatahadharisha wakazi wa California, lakini tahadhari zenyewe hutokana na vituo vya kitaalamu. Wingi wa sensa za bei nafuu umeongeza macho. Chombo kizuri kilichofungwa imara ardhini bado hakijapata mbadala.