Ngoma Mbili za Vijana wa Mlima Kenya

Msomaji, ukiulizwa ni akina nani waliotenda mambo katika historia ya nchi yetu, yamkini utawataja wazee, machifu, magavana na wamisionari, kwa kuwa hao ndio walioacha barua na majalada. Vijana hawakuacha majalada. Waliacha nyimbo, na nyingi katika hizo zimekwenda pamoja na vinywa vilivyoziimba. Hata hivyo ziko ngoma mbili za pande za Mlima Kenya ambazo mwandishi wa historia hawezi kuzipita kimya. Ya kwanza ilichezwa mwaka 1929, na ya pili mwaka 1996. Zote mbili zilihusu jambo moja, nalo ni tohara ya wasichana. Ila ya kwanza iliitetea, na ya pili iliikataa.

Ngoma ya kwanza iliitwa Muthirigu. Katika mwaka ule wa 1929, baadhi ya misheni, hasa za Kiskoti na za Kimarekani, ziliwataka waumini wao watie alama ya kidole gumba kuwa wameiacha desturi ya kuwatahiri wasichana, na kuwa wamejitenga na Kikuyu Central Association, chama cha siasa kilichoanzishwa mwaka 1924. Watu wakaiita ahadi hiyo kirore, yaani alama yenyewe ya kidole. Angalia jinsi mambo mawili yalivyofungwa katika fundo moja. Mtu aliyetaka kuiacha desturi alilazimika kukiacha na chama kilichomtetea juu ya ardhi yake. Na aliyekipenda chama alionekana kuwa mtetezi wa kisu. Kwa maoni yangu, fundo hilo ndilo lililoharibu shauri zima. Huko Chogoria, upande wa Meru, ambako Dakta Clive Irvine alikuwa ameanzisha misheni mwaka 1922, waumini wengi walikataa kirore wakatoka katika kanisa na katika shule zake.

Ndipo vijana walipoingia. Hawakuwa na gazeti lao, wala nafasi ya kusema mbele ya bwana shauri, lakini walikuwa na ngoma. Muthirigu ilikuwa na lahani moja tu iliyo nyepesi kushika, na beti zisizo na mwisho: kila aliyekuwa na ulimi mwepesi alitunga ubeti wake, wenzake wakaupokea, na kesho yake ukawa umevuka mto na kuingia kijiji cha pili. Hakuna ajuaye watungaji walikuwa nani, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake, maana askari angemkamata nani? Walimsifu Jomo Kenyatta, aliyekuwa amepelekwa Uingereza na chama chake mwaka huohuo. Wakawakejeli wamisionari, wakawakejeli na machifu waliotumikia serikali. Ngoma ilienea kama moto wa nyasi kavu. Mwezi Januari 1930 serikali ikaipiga marufuku, na waliokaidi wakafungwa. Serikali yenye bunduki kuogopa wimbo si jambo dogo.

Lakini usiharakishe kupiga makofi. Beti zile ziliwatukana pia wasichana ambao hawakutahiriwa. Jaribu kumfikiri msichana wa misheni, wa umri wako, akipita njiani jioni huku wenzake wa rika moja wakimwimbia matusi. Yeye hakutunga kirore, wala hakunyang'anya mtu shamba. Waliompigania babu zao dhidi ya mgeni walimwonea ndugu yao mwenyewe kwa kinywa kilekile. Vitabu vingi vyasimulia ushujaa wa Muthirigu, na ni haki. Ukatili wake hutajwa kwa haraka, na hiyo si haki.

Miaka ikapita. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, kwa msukumo wa wakuu wa serikali, lilikataza desturi hiyo. Ikawa kinyume cha matarajio: wasichana wengi wa Meru walichukua nyembe wakajitahiri wenyewe, nao wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri". Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Amri ya wazee ilishindwa kama ahadi ya misheni ilivyoshindwa, kwa kuwa hakuna aliyewauliza wasichana.

Sasa tuje Gatunga, kijiji cha Tharaka, katika nchi kavu iliyo chini ya milima. Mwezi Agosti 1996, jamaa zipatazo thelathini, wakisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake, walifanya sherehe mpya iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani muda wa juma moja, kama zamani, nao wakafundishwa habari za mwili wao, afya, adabu na namna ya kujibu kejeli za wenzao. Siku ya kutoka, kijiji kizima kilikusanyika. Palikuwa na karamu na zawadi, na wasichana wenyewe wakaimba, wakacheza ngoma na kuigiza mbele ya wazazi, wakitangaza kuwa wamekuwa wanawake bila kisu.

Hekima ya sherehe hiyo ni kwamba haikumnyang'anya msichana siku yake. Faragha ilibaki, karamu ilibaki, ngoma ilibaki. Kilichoondolewa ni ukeketaji peke yake. Waliokuja baada ya hapo walijifunza pia kuwaita wavulana na akina baba kwenye mafunzo, maana msichana afaidi nini akiimba vizuri, kisha kijana wa jirani akatae kumwoa? Sherehe za namna hiyo zikafika Kisii, Narok na kwingineko. Mahali ambapo tohara haikuwa na ngoma wala mkutano wa watu, hazikushika sana, kwa kuwa hapakuwa na sherehe ya kuchukuliwa nafasi yake.

Sheria ya mwaka 2001 ilikataza kuwatahiri wasichana walio chini ya miaka 18, na ya mwaka 2011 ikakataza jambo hilo kwa mwanamke wa umri wowote. Gatunga walikuwa wameitangulia sheria ya kwanza kwa miaka mitano.